Mama Mmoja, Tiketi Tatu

Mama alikuwa na tiketi tatu za ndege moja, siku moja, saa moja, na mwili mmoja tu wa kupanda nao. Hayo yalijulikana kwenye kaunta ya uwanja wa ndege, dakika hamsini kabla ya kaunta kufungwa.

"Jina hili limekatiwa tiketi mara tatu," alisema dada wa kaunta, macho kwenye kompyuta. "Mfumo umeona ni makosa, umezifuta zote."

"Zote?" aliuliza fundi magari.

"Zote, kaka."

Fundi ndiye kifungua mimba wa Mama. Alikuja kumsindikiza akiwa na shati la pasi na kucha nyeusi za grisi. Alimgeukia mdogo wake, nesi. Nesi akamgeukia mdogo wao, kinyozi. Kinyozi akaangalia viatu vyake.

"Tiketi nimekata mimi!" fundi akafoka. "Nyie mmeingilia wapi?"

"Wewe? Si Jumapili ulisema huna hata hela ya sabuni?" nesi akadakia.

"Na wewe si ulisema mshahara umechelewa?"

"Mimi sikusema kitu," kinyozi akajitetea. "Nilikohoa tu."

Ni kweli, alikohoa. Jumapili hiyo Mama aliwaita sebuleni kwake. Kitinda mimba wao, aliyeolewa nchi ya mbali, alikuwa anafanyiwa upasuaji wa kujifungua Ijumaa asubuhi. Alikuwa na hofu, na alitaka jambo moja tu: kumwona mama yake kabla ya kuingizwa chumba cha upasuaji. Mama akaomba wachange nauli. Wote watatu wakalia ukata.

Si kwamba walikuwa wachoyo. Tatizo ni kwamba katika nyumba ile, cha kuchanga hakina sifa. Friji walichanga watatu, na wageni wakiliulizia Mama husema, "Walileta watoto." Televisheni alinunua nesi peke yake, na mpaka leo mgeni hanywi chai kabla hajaambiwa, "Hii ni ya Nesi wangu." Fundi alikuwa ameisikia televisheni hiyo miaka sita. Mara hii alitaka iwe zamu yake.

Kwa hiyo Jumatatu, akiwa chini ya gari la mteja, alifungua ile tovuti ya tiketi za bei ya kutupa. Ikamwandikia kwa rangi nyekundu kwamba viti vinaisha na watu wengine wawili wanaitazama safari hiyo sasa hivi. Fundi akatoka jasho, akalipa haraka kabla hao mahasidi hawajamwahi. Hao mahasidi mmoja alikuwa wodini akishika bomba la sindano, mwingine saluni akishika mashine ya kunyolea. Kila mmoja akamtumia Mama tiketi, na kila mmoja akamwambia, "Mama, hii siri yetu. Wenzangu utawaambia ukifika."

"Mama, ulipoziona tatu hukushtuka?" fundi aliuliza.

"Nishtuke nini? Nilidhani moja ya kwenda, moja ya kurudi, na moja ya sanduku." Mama alikuwa ameketi juu ya sanduku lenyewe, ametulia. "Mliniambia nisiseme, sikusema. Sasa mnanigombeza kwa kutunza siri?"

Fundi akaipigia tovuti. Sauti ya mashine ikamshukuru kwa kuwachagua, ikampigia muziki, ikamshukuru tena, ikakata. Nesi akasoma yale maandishi madogo ya chini: tiketi ya punguzo hairudishiwi hela, hata ikifutwa.

"Dada yangu," fundi akamwambia wa kaunta kwa sauti ya kubembeleza, "hakuna namna?"

"Kiti kimoja kimebaki. Bei ya leo ni laki tisa na elfu arobaini. Ndege nyingine ni Jumapili."

Jumapili! Mtoto atakuwa amezaliwa na mama yake amelia peke yake. Fundi alihesabu kichwani. Simuni alikuwa na laki nne, na si zake, ni za mteja za kununulia giaboksi. Alitamani sana kusema, "Nalipa mimi." Lakini laki nne si laki tisa.

"Tuchange," alisema. Alilitamka kama mtu anayetapika.

Akazitoa zile laki nne za giaboksi. Nesi akatoa laki tatu. Kinyozi akatoa laki mbili, akakohoa, akaulizwa kama kuna zingine, akaapa hakuna. Zikapungua elfu arobaini. Mama akafungua kipochi chake, akazihesabu noti moja moja juu ya kaunta, akapewa tiketi.

"Nikifika nitawaambia," alisema, akisimama, "hii nimemalizia mwenyewe."

Akaenda. Ijumaa saa mbili asubuhi alikuwa amemshika binti yake mkono mlangoni mwa chumba cha upasuaji.

Tiketi ya fundi ilikuwa laki mbili na elfu sitini. Ya nesi, laki mbili na elfu themanini na tano, kwa sababu fundi alishaipandisha bei. Ya kinyozi, laki tatu na elfu kumi, kwa sababu wote wawili walishaipandisha. Ukiongeza kiti cha kaunta, inakuja milioni moja, laki saba na elfu tisini na tano, kwa safari ya mtu mmoja, kwenda tu. Mteja wa giaboksi alitembea kwa miguu wiki tatu.