Saa Safi ya Babu

Mvua ilikuwa imekataa katakata kuondoka. Kila asubuhi Mama Jua alipanda ngazi hadi juu ya paa la idara ya fizikia, akafuta kioo cha mtambo wake, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa na kuyakodolea macho mawingu. Mawingu nayo hayakuwa na haya. Yalikaa palepale kama mgeni asiyejua kuaga.

Jina hilo alibandikwa na wanafunzi wenzake. Jamani, mtu anasoma fizikia, ameegemea uhandisi wa nishati, mradi wake wa mwisho ni mtambo wa kuchemsha maji kwa jua, halafu msimu mzima jua lenyewe halioni! Wakamcheka, jina likaganda. Mwanzoni alicheka nao. Sasa hakuwa na kicheko cha kumpa mtu.

Tusizungushane: maji yalikuwa yamemfika shingoni. Alishasimamisha masomo mara mbili, mara ya kwanza kwa mimba, ya pili kwa kumuuguza mtoto, na huu ulikuwa mwaka wake wa mwisho wa kuvumiliwa. Daktari, mwalimu aliyesimamia mradi wake, mtu mpole asiyejua kupamba maneno, alimwita ofisini akamwambia, "Binti yangu, nimekuombea mpaka mdomo umenikauka. Ripoti isipofika mezani kwangu kesho adhuhuri, chuo kinakufuta. Sina tena mlango wa kugonga."

Na asifikiri mtu kwamba ni cheti tu kilichokuwa kinamliza. Binti yake wa miaka minne alikuwa akilelewa na bibi yake, mbali, na kwa jinsi siku zilivyokwenda alikuwa akimwita huyo bibi "mama". Yeye aliyembeba tumboni aliitwa "mama wa simu". Kulikuwa na kazi inamngoja kwenye mji uleule wa mtoto, kazi ya kufunga mitambo ya jua hospitalini, nao walitaka jambo moja tu: awe amehitimu. Akihitimu anarudi kwa mwanawe. Asipohitimu, basi, atabaki sauti kwenye simu.

"Mama wa simu," mtoto alimuuliza kila jioni, "jua limetoka?"

"Bado, mwanangu."

"Likitoka unakuja?"

"Likitoka nakuja."

Hapo Babu humpokonya simu. Babu alikuwa mwanafunzi mwenzake, wala hakuwa mzee kiasi hicho. Mvi ndizo zilizomwahi. Alikuwa amefundisha shule ya msingi miaka na miaka kabla ya kuthubutu kuja kukaa darasani na watoto aliowafundisha kusoma. "Hujambo, mjukuu wangu?" atasema. "Mimi ndiye Babu wa jua. Nalichapa fimbo kila siku litoke, lakini kichwa chake kigumu!" Na mtoto kule ataangua kicheko mpaka bibi aje kuuliza kuna nini.

Idara nzima ilikuwa na mita moja tu ya kupima nguvu ya jua: kikombe kidogo cha kioo kilichofungwa kwa waya kwenye kisanduku kinachotunza namba chenyewe. Ya pili ilikufa zamani. Kwa hiyo wanafunzi wa nishati walijitungia sheria. Mita inakwenda kwa zamu. Ukiishika, unailaza kwa mwinamo uleule wa mtambo wako, kisha unasubiri saa yako safi, yaani saa nzima ya jua lisilotetereka. Rekodi ikiwa na pengo, hata la kufumba na kufumbua, Daktari huitupa, maana kuna mwanafunzi wa zamani aliyewahi kuziba mapengo yake kwa namba za kichwani. Ndiyo maana mtu akiwa ndani ya saa yake safi haguswi, hasemeshwi, wala kivuli chako hakipiti karibu na mita yake. Pale watu waligombania viti, soketi, hata wembe wa kuchongea penseli. Saa safi haikugombaniwa.

Zamu ilikuwa ya Mama Jua, na aliyefuata ni Babu, mwenye jiko lake la jua kwenye uwanja wa nyuma ya karakana. Naye ripoti yake ilitakiwa adhuhuri ileile, naye huo ulikuwa mwaka wake wa mwisho. Wiki zote hizo alisubiri nyuma yake, wala hakuwahi kusema, "Dada, hebu nipishe."

Basi, asubuhi hiyohiyo aliyoitwa na Daktari, siku moja kabla ya mwisho, mbingu ikafunguka. Hapakuwa na dalili wala fununu. Mama Jua alikuwa amejiinamia kwenye ndoo yake, akahisi joto mgongoni, akainua kichwa. Bluu tupu! Akaruka, akafungua maji yaanze kupita kwenye mabomba, akakitazama kisanduku. Mia nne na themanini. Uwiii! Kwa wiki nzima alikuwa akiona mia moja, tisini, mia na ishirini, na leo mia nne na themanini, imetulia tuli! Alikaa pale saa nzima bila kukohoa. Maji yaliingia baridi yakatoka moto, machozi yakamtoka yenyewe. Saa ilipotimia alipiga simu nyumbani kabla hata ya kufunga bomba.

"Limetoka, mwanangu! Jua limetoka!"

"Basi njoo," mtoto akasema.

Aliichomoa mita akashuka nayo mbio, akakutana na Babu kwenye ngazi. "Zamu yako, Babu! Kimbia!" Babu akaikumbatia na kutokomea.

Mama Jua akaingia maabara, akakaa kwenye kompyuta karibu na dirisha, akaanza hesabu ya ufanisi: joto lililoingia kwenye maji, gawanya kwa jua lililoupiga mtambo. Alitegemea nusu na kidogo. Mtambo wa bati lililopakwa rangi nyeusi hauwezi kuzidi hapo sana. Jibu likaja: asilimia mia moja na tisa.

Akacheka. Akarudia. Mia moja na tisa. Akaupima upya upana wa kioo, akavihakiki vipimajoto, akahesabu upya maji yaliyopita. Mia moja na tisa. Kwa maneno mengine, mtambo wake ulikuwa umetoa joto kuliko jua lililouwasha. Nishati haiumbwi wala haiangamizwi. Hilo hata Babu aliwafundisha watoto wa shule ya msingi kwa wimbo. Ripoti ya namna hii hata Daktari mwenye huruma zake angeisukuma pembeni kwa kidole. Kijasho chembamba kikamtoka.

Akainua macho dirishani asiangalie tena ile namba. Kule uwanjani, kando ya jiko la Babu, kikombe cha mita kilikuwa kinameta.

Kinameta. Juu ya paa hakikuwahi kumeta.

Ndipo alipokumbuka. Loo, fuko! Mvua zilipozidi aliogopa maji yasije yakaingia ndani ya mita, mita yenyewe ndiyo hiyo moja ya watu wote, akaivika fuko la plastiki angavu, akalikunja mara mbili na kulifunga kwa mpira. Fuko likapauka, likashika ukungu kwa ndani, na macho yake yakalizoea mpaka yakaacha kuliona. Jua lilipotoka hakulivua. Ile mia nne na themanini ilikuwa nusu ya jua. Macho yaliyozoea namba za njaa yaliiona karamu.

Alijipiga kofi la paji la uso mpaka wenzake wakageuka. Halafu akatulia, kwa sababu kichwa chake, pamoja na yote, kilikuwa kichwa cha mwanafizikia. Kosa linaweza kupimwa. Alihitaji kuiweka mita juani na fuko lilelile, kisha bila fuko, aone fuko lilikuwa linakula jua kiasi gani. Dakika chache tu. Lakini fuko lilelile, si jingine, na jua lazima liwepo.

Akashuka ngazi mbilimbili. Kwenye pipa la taka karibu na karakana, ambako Babu lazima alilitupa alipolivua, alijiinamia akachakura maganda, karatasi na makopo. Mfagizi aliyekuwa akipita alisimama na ufagio wake.

"Mwanangu, njaa imekuwa kali kiasi hicho?"

"Mama, ni shule hii!"

"Pole. Mimi niliikimbia mapema."

Akalipata. Limejikunja, na ukungu wake bado uko ndani, na mpira wake. Akalibusu, wallahi, fuko la taka.

Babu alikuwa ameketi mbali kidogo na jiko ili asilitie kivuli, mikono magotini kama mtu aliye ibadani. Mita ilisoma mia tisa na hamsini. Alikuwa ndani ya saa yake safi, na kwa jinsi jua lilivyosogea, sehemu kubwa ilikuwa imeshapita. Mama Jua akaangalia nyuma ya jengo la maktaba. Wingu lilikuwa linainuka, jeusi, pana, linakuja.

Akapiga hesabu ya haraka ya mtu aliyeshikwa na hofu. Akimsubiri amalize, wingu litafika. Wingu likifika, hakuna jua tena leo, na kesho ni kesho. Alisimama pale na fuko mkononi. Akamsikia mwanawe: basi njoo.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini Babu naye alikuwa mtoto wa mtu. Mama Jua alilijua hilo. Alilijua vizuri kabisa wakati anapiga hatua.

"Usifanye hivyo," Babu akasema. Hakuinuka, aliogopa kivuli chake mwenyewe. "Mama Jua, nakusihi. Bado kidogo tu. Usi—"

Akaivika mita. Namba ikaporomoka, ikatulia: mia nne themanini na tano. Akalivua fuko. Ikapanda: mia tisa na hamsini. Nusu na kidogo. Akapiga hesabu kwa kidole kwenye kiganja, na ile mia moja na tisa ikashuka ikawa hamsini na sita, namba ya watu wenye akili timamu. Alikuwa ameokoka.

Babu alikuwa anakitazama kisanduku, pale rekodi yake ilipotumbukia shimo.

"Nishati haiumbwi, mama," akasema polepole. "Ukiipata wewe, imetoka kwa mtu."

Mama Jua alipiga magoti kwenye saruji ya uwanja, akamwomba radhi, akamweleza habari za chuo na mtoto, mambo ambayo Babu aliyajua yote. Babu hakumkaripia. Angemkaripia ingekuwa nafuu. Na walipokuwa pale, yeye akilia, mwenziwe akikitazama kisanduku, jua liliendelea kuwaka. Wingu lilisuasua nyuma ya maktaba. Jua likawaka mpaka pale saa ya Babu ingetimia, likapitiliza, dakika kadhaa za ziada ambazo zingetosha kuivika mita fuko na kulivua bila haraka. Wote wawili waliziona zikipita. Ndipo likafunikwa, na kabla ya saa nyingine nzima kupatikana mvua ikarudi, ikanyesha hadi kesho yake.

Daktari alipokea ripoti adhuhuri. "Asilimia hamsini na sita, na kosa umelipima mwenyewe," akasema. "Kazi safi, binti yangu." Kiti cha Babu kilikuwa kitupu, na jioni jiko lake halikuwepo tena uwanjani.

Mama Jua alifika nyumbani siku yenye jua kali. Mtoto alijificha nyuma ya gauni la bibi yake, akachungulia jicho moja.

"Wewe ndiye mama wa simu?"

"Mimi ndiye, mwanangu. Nimekuja."

Mtoto akafikiri, akatoka mzima, akaja kumshika kidole. "Na Babu wa jua? Naye jua lake lilitoka?"

Bibi akacheka kusikia hivyo. Mama Jua akachuchumaa, akamkumbatia ili asimwone uso.

"Lilitoka," akasema. "Lilikuwa linatutosha wote wawili."

Mtoto akafurahi, akapiga makofi.