Katikati ya Daraja la Uwam

Mimi mdomo ninao, sikatai. Hapa Holuwek ukiwa na kesi unamwita Elipas, na Elipas akisimama uani hata mbwa wanakaa kusikiliza. Mama alikuwa akisema nilizaliwa nikidai. Basi siku niliyouhitaji mdomo huo kuliko siku zote haukunifaa kitu, na nitawaeleza ilivyokuwa, mnicheke mkitaka.

Dada yangu Dorlina alijifungua mtoto wa kike salama, ila kondo la nyuma likatoka nusu. Siku ya pili homa ikampanda, akawa anatetemeka kando ya moto huku jasho linamtoka. Tukaita ndege kwa redio ya upepo. Rubani akauliza, "Mnauona mlima wa pili?" Mlima wa pili! Sisi hata uzio wa nguruwe hatukuuona kwa ukungu. Akasema atajaribu kesho. Kesho ikawa vilevile, na keshokutwa vilevile.

"Tumbebe," nikasema.

Nesi yuko ng'ambo ya mto Uwam, juu ya kijiji cha Yabisik, mwendo wa siku moja na nusu ukiwa na mgonjwa. Kwetu kila kijiji hubeba mgonjwa hadi mpakani, wa mbele wakampokea. Na ukishampokea, pumzi yake iko mikononi mwako. Akifa, wewe ndiye wa kujibu. Hata akipitishwa tu kwenye ardhi yako, akikata roho pale, msiba ni wako. Sheria hiyo ilikuwepo kabla ya babu zetu, na ndege hazikuibadilisha.

Tukafunga machela kwa miti na kamba za msituni. Wanaume sita tukapokezana mabega, na mke wangu Merina nyuma yetu na kichanga ndani ya kiondo, kamba ya kiondo kwenye paji la uso. Jioni, tukiwa juu ya ukingo wa bonde la Uwam, tukapiga kelele za kuwaita watu wa Yabisik waje darajani asubuhi. Walitusikia, kwa sababu waliitikia.

Asubuhi tuliwakuta wameshafika, wamekaa ng'ambo ya daraja, pinde zao magotini. Mbele yao Nahor, mkuu wao, aliyeoa kwetu.

"Shemeji!" nikaita. "Njooni mpokee!"

"Tumekuona, shemeji. Mbona umekonda? Wale nguruwe wangu wameisha?"

Watu wake wakaangua kicheko. Mimi nilijua mara moja anakoelekea.

Miaka mitatu nyuma baba yangu mdogo aliugua kifua. Watu wa Yabisik walimpokea palepale darajani, wakambeba kwenye mvua, wakiteleza, wakimfunika kwa majani yao wenyewe. Akafia mabegani mwao, paa la zahanati likionekana. Na mimi nikafanya nini? Nikajipaka majivu, nikaenda kusimama uani kwa Nahor, nikaongea tangu jua kuchomoza hadi likawa utosini. Wakatoa fidia ya nguruwe ishirini, na mmoja wao jike kubwa aliyewekwa kwa ajili ya ndoa ya mwanawe. Tukala. Dorlina peke yake hakula. Aliniambia, "Kaka, umewadai watu waliombeba baba mdogo. Siku nyingine nani atabeba?" Nikamjibu mwanamke hajui mambo ya uani. Nilisema hivyo, kwa mdomo huuhuu.

"Anapumua?" Nahor akauliza.

"Anapumua."

"Hata babako mdogo alikuwa anapumua."

"Nahor, naapa kwa Mungu, sitadai hata kwato!"

"Wewe hutadai. Na mumewe aliyeko mjini? Na wajomba zake? Uani kwangu ulisema nini? 'Ahadi ya mtu mmoja haifungi ukoo.' Ulisema vizuri, hata mimi nilikusifu. Tumekariri, shemeji."

Nikaomba. Nikasema yeye ni mama, mtoto ana siku tano. Nikataja bibi yetu wa pamoja. Kila nililosema, mzee mmoja ng'ambo alinirudishia maneno yangu ya mwaka ule, neno kwa neno. Nikashikwa na hasira, nikamtukana Nahor tusi ambalo siwezi kulirudia hapa. Mjinga mimi! Mtu ana maisha ya dada yako mkononi, wewe unamtukana.

Nahor hakukasirika. Alikwaruza uta wake kwa ukucha. Kisha akasema, "Akija kwa miguu yake, huyo ni mgeni. Mgeni tunampa moto, tunampeleka kwa nesi, na akifa ni Mungu kamchukua. Lakini akibebwa, au akishikwa mkono na mtu wenu, huyo ni mzigo wenu. Rudini naye."

Sijui kama ulikuwa ukatili, au alikuwa anatafuta mlango wa kupenya sheria ile. Nadhani alikuwa anatafuta mlango.

"Nishusheni," Dorlina akasema kutoka kwenye machela.

"Dada, hapana."

"Kaka, umeongea vya kutosha. Nishusheni."

Daraja letu ni la kamba za msituni na vijiti, linaning'inia, na chini yake Uwam unanguruma. Mtu mzima wa afya analivuka kwa kuhesabu hadi hamsini. Katikati kuna fundo la kamba nyekundu: huku tunatengeneza sisi, kule wanatengeneza wao. Dorlina hakuweza kusimama. Akapiga magoti, akaanza kutambaa.

Nilimfuata hatua mbili, mkono nimeunyoosha.

"Usiniguse!" akasema. "Ukinigusa umeniua."

Nikarudisha mkono. Sijawahi kuwa na mkono usio na kazi namna ile.

Alienda kijiti kwa kijiti. Kwenye vijiti alivyopita damu ilibaki. Na wale waliokuwa wakinicheka, wote walikuwa wamesimama. "Njoo, dada! Weka goti hapo! Kijiti hicho kimeoza, ruka!" Mke wa Nahor alikwisha kuwasha moto na kubandika kiazi kwenye majivu. Nahor mwenyewe alichuchumaa mwisho wa daraja, mikono wazi, kama anayemfundisha mtoto kutembea. Kila mtu alitaka afike. Hakukuwa na adui pale, na bado hakuna aliyeweza kumshika.

Kwenye fundo jekundu alipumzika kidogo, akalipita. Akaenda vijiti vitatu zaidi. Kisha akalaza shavu.

"Dada!"

Hakuinuka. Nikakimbia, daraja likayumba, nikachuchumaa kando yake bila kumgusa. Macho yalikuwa wazi. Midomo ilitikisika.

"Kaka," akasema, "leo huongei?"

Nilifungua mdomo. Nawaapia, hakikutoka kitu. Mtoto alikuwa akilia kwenye kiondo cha Merina, na nilitaka hata kumwambia, "Msikie mwanao," nikashindwa. Nilipoweza, hakuwa tena wa kusikia. Ndipo nikamshika.

Wazee wa pande zote mbili walikwisha kujua. Swali likatoka huku na kule, maana lazima liulizwe: "Amefia upande gani?"

Nahor alikuja hadi karibu yetu. Akatazama fundo, akamtazama Dorlina. Kichwa na kifua vilikuwa kwao. Alikuwa amekuja mwenyewe, mgeni, kama alivyosema. Lakini neno lile la mgeni alilitoa Nahor, mtu mmoja, na ahadi ya mtu mmoja haifungi ukoo. Kesi nilikuwa nayo, nzuri kuliko ile ya kwanza. Na Mungu anisamehe, hotuba ilikuja yenyewe, mwanzo wake ulikuwa tayari kwenye ulimi.

"Sema, shemeji," Nahor akaniambia taratibu. "Tunakusikiliza."

Nikampitisha Dorlina mikono kwapani, nikamvuta nyumanyuma, kijiti kwa kijiti, mpaka nywele zake zikalipita fundo.

"Amefia kwangu," nikasema.

Nahor akabaki ameinamisha kichwa. Kisha akaweka uta chini, akavuka fundo, akamshika miguu. Tukambeba sote wawili. Sasa alikuwa anaweza kubebwa na yeyote.