Chupa za Kaoze

Leonia hakumwita Valerian mwizi. Mwizi, alisema, angalau huruka ukuta na kuhatarisha mbavu zake. Valerian hata kuiba alikuwa mvivu. Alimsubiri mtu mwenye kitambulisho cha kampuni shingoni aibe kwa niaba yake, kisha yeye akapita na Fuso kuzoa.

Mtu huyo mwenye kitambulisho aliitwa Bundala, meneja wa mauzo wa kampuni ya bia kwa Sumbawanga nzima. Kitambi mbele, simu mbili mkononi, na kicheko cha mtu aliyekula kwako na bado anachungulia jikoni. Yeye ndiye aliyegawa njia: wakala huyu apeleke bia huku, yule kule. Leonia, mjane wa mtaa wa Malangali pale mjini, alikuwa na njia moja tu, ya kushuka bondeni hadi Kaoze. Aliianza miaka kumi na moja iliyopita, wakati hakuna wakala aliyeitaka, kwa sababu mteremko ule huua breki na masika barabara hugeuka uji. Canter yake ilishuka, ikakwama, ikasukumwa, ikapanda. Kwa njia hiyo moja alisomesha, akajenga, akamzika mama mkwe wake kwa heshima. Sasa barabara ilikuwa imechongwa vizuri, na ghafla Valerian, wakala mwenzake, akagundua kwamba watu wa Kaoze nao hunywa. Nyoo! Miaka yote hiyo alidhani wanakunywa nini, matope?

Biashara ya bia ina sheria moja ambayo hata mlevi anaijua: kreti la chupa tupu ndilo huleta kreti lililojaa. Huna chupa, ghalani hupewi kitu, hata uje na fedha kwenye gunia. Basi Valerian akaanzia hapo. Kampuni ilikuwa imeleta majokofu mapya ya kugawiwa kwa mawakala wote, na Bundala akayashusha yote uani kwa Valerian, kana kwamba mawakala wengine wanauza barafu. Valerian akazunguka nayo baa hadi baa, mpaka Kaoze. Ukipokea jokofu, unampa chupa zako zote tupu, na unaapa hutaweka ndani yake bia ya mtu mwingine. Wenye baa wakaapa. Jokofu si mchezo kwenye joto la bondeni.

Mwisho wa Julai ikaja barua ya Bundala. Leonia alete makreti mia mbili ya chupa tupu kufikia Ijumaa, vinginevyo njia ya Kaoze itapewa "wakala mwenye uwezo". Mazao yalikuwa yameshaingia ghalani na arusi zilikuwa mlangoni. Anayekosa bia miezi ile, mwaka mzima umemtupa mkono.

"Mama, mpelekee meneja hata mbuzi," alisema Nestory, dereva wake. "Si unajua, mkono mtupu haulambwi."

"Wangu si wa kulambwa, Nestory. Wanaolambana ni mbwa. Washa gari, tunashuka Kaoze."

Alikuwa amekumbuka jambo ambalo Valerian, pamoja na ujanja wake wote, hakulijua, maana hakuwahi kuingia nyumba ya mtu Kaoze akavuka sebule. Kule arusi haifungwi bila kreti la bia la wakwe. Wakwe wakishakunywa, chupa haziondoki. Hubaki kwa mama wa bibi arusi, na asikuambie mtu, mama huyo hazitoi kirahisi. Ndani ya chupa hizo utakuta asali, mafuta ya taa, samli, mbegu za mchicha, dawa ya kuku. Baa zilikuwa zimekauka, lakini chini ya vitanda vya akina mama kulikuwa na chupa za arusi za miaka na miaka.

Alikwenda moja kwa moja kwa Coleta, mwenyekiti wa akina mama wa kigango. Alimweleza yote, hata lile jina alilompa Bundala ambalo halifai kuandikwa. Coleta alisikiliza huku akipepeta mchele.

"Yaani huyo mwanamume anataka apewe kitu ndipo akuachie njia uliyoisukuma kwa mabega?"

"Ndiyo, dada. Na simpi."

"Usimpe," alisema Coleta. "Ukimpa leo, kesho atataka na bei ya kwetu ipande ili ashibe. Tutakupa chupa."

Jumapili baada ya misa Coleta alisimama akatangaza. Jumatatu asubuhi wanawake walikuja na chupa kwenye beseni, kwenye khanga, kwenye madumu yaliyokatwa. Mmoja alimimina asali yake kwenye sufuria ambayo watoto waliilamba hadi jioni. Mwingine alimwaga mafuta ya taa kwenye kopo lenye tundu, akalala gizani. Walizisugua kwa mchanga na majivu, wakazipanga kwenye makreti. Makreti mia mbili na nne! Leonia alilia palepale, mbele ya watu, bila kujificha.

Ijumaa Bundala alifika kukagua kwenye stoo ya Leonia, Malangali. Alifika na gari la nani? La Valerian. Valerian mwenyewe akiendesha. Watu hawa hata kuona haya walishaona ni gharama. Coleta na wenzake wanne walikuwepo, wamepanda na Canter kuleta mchele sokoni.

Bundala alizunguka makreti, akachomoa chupa moja, akainusa. Akachomoa nyingine. Akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya.

"Mama, hizi zinanuka mafuta ya taa. Kampuni ina viwango."

"Si mnakwenda kuziosha kiwandani?" Leonia aliuliza. "Na zile za baa, ambazo walevi wanakojolea, zenyewe zina viwango gani?"

"Usipandishe sauti, mama. Mimi natekeleza tu utaratibu."

"Baba," Coleta aliingilia, "chupa hizo tumezisugua sisi kwa mikono yetu. Hata sahani unayolia haijawahi kusuguliwa hivyo."

Wanawake wakacheka. Bundala hakucheka. Alitoa kalamu akaandika kwamba mzigo wote umekataliwa na njia ya Kaoze imehamia kwa Valerian. Hapo ndipo Valerian, kwa ule upole wa fisi aliyeshiba, akafungua mdomo kwa mara ya kwanza.

"Akina mama, msisumbuke kurudi nazo. Niachieni hapahapa, nitajua pa kuzipeleka."

"Ahaa!" Coleta alipiga makofi. "Zikiwa za Leonia zinanuka, zikiwa zako zinanukia? Pakieni, jamani. Hakuna chupa inayobaki hapa."

Zikarudi Kaoze zote.

Yaliyofuata yalimchekesha Leonia karibu mwezi mzima. Valerian alishusha Fuso lake Kaoze limejaa, akijua msimu ni wake. Wiki ya kwanza wenye majokofu walinunua. Wiki ya pili hawakuwa na chupa za kubadilisha, maana makreti ya arusi yaliingia majumbani na hayakutoka. Akina mama walikataa katakata. Halafu walifanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: walipandisha watu juu Ufipa kuleta ulezi, wakapika kimpumu, pombe ya kienyeji. Arusi ya binti yake Coleta, wakwe waliwekewa chungu badala ya kreti. Wazee wa upande wa mume walitazamana. Kisha mkubwa wao akaonja, akafuta mdomo, akasema kwamba tangu baba yake afe hakuwahi kuheshimiwa namna hii. Basi ikawa ndiyo mtindo. Arusi tisa zilizofuata, chungu.

Leonia alipata habari hizo kwa Nestory na kucheka mpaka kushika mbavu. Lakini mwezi wa pili tangu njia ihame ulipoingia, kicheko kilianza kumkauka. Canter ilikuwa imesimama. Stoo ilikuwa tupu, panya walikuwa wamehama. Akina mama wa Kaoze walikuwa wakipigana vita yake, na wakishinda kila siku, na kila walivyoshinda ndivyo bia ilivyozidi kusahaulika. Usiku hakulala, alikuwa na hofu ya kweli, ya mtu anayeona kazi ya maisha yake inayeyuka.

Mwezi wa Oktoba Bundala akaja, safari hii peke yake na gari lake. Alijikalisha kibarazani bila kukaribishwa.

"Mama yangu, Valerian ameniangusha. Makao makuu wananiuliza mauzo ya Kaoze yako wapi. Wale wanawake ni wako. Nirudishie soko, nikurudishie njia. Bia nitakupa kwanza, chupa utaleta baadaye."

Mmeona? Sheria iliyokuwa jiwe kwa Leonia, sasa imekuwa ugali wa jana.

"Ila unielewe kidogo," Bundala aliendelea akitazama kucha zake. "Mwanangu anapata kipaimara mwezi ujao. Nahitaji dume la ng'ombe, lililonona. Usiniletee ndama."

Mnangoja Leonia amtimue? Ngojeni. Alitazama stoo, akatazama Canter, akawaza kwamba ni mara moja tu, kwamba njia ni yake kwa haki, kwamba mtu kununua haki yake mwenyewe si sawa na kuhonga. Uongo una maneno matamu mtu akijidanganya mwenyewe.

"Kipaimara lini?" aliuliza.

Na kwa kuwa alikuwa mfanyabiashara, hata katika aibu alitafuta bei nafuu. Madume ya mjini ni ghali. Ya bondeni ni rahisi. Akamtuma Nestory kwenye mnada wa Kaoze. Kaoze, jamani! Ng'ombe si sindano. Nestory alilipandisha dume jeusi kwenye Canter mbele ya soko zima, na alipoulizwa linakwenda wapi, kwa kuwa ni mtu asiyejua kusema uongo, alijibu, "Kwa meneja."

Wiki iliyofuata Leonia alishuka na makreti mia mbili ya bia, amevaa kitenge kipya. Coleta na wenzake walikuwa wanaanika mpunga kando ya barabara. Leonia aliruka chini kabla gari halijasimama sawasawa.

"Dada Coleta! Njia imerudi!"

"Tumesikia," alisema Coleta. "Tuliiona mnadani ikipakiwa. Ilikuwa na pembe."

Hakuna aliyecheka.

"Dada, ilikuwa mara moja tu. Stoo ilikuwa tupu. Ningefanyaje?"

"Ungetuambia. Tungekuuzia mchele, tungenunua ulezi kwako, ungeuza chochote na sisi tungebeba. Huyu hapa alilala gizani kwa ajili yako." Alimwonyesha mwanamke mmoja, ambaye aliendelea kugeuza mpunga kwa mguu. "Chupa zipo, dada. Hatutoi."

"Hata kwangu?"

"Valerian tulimnyima kwa sababu hatumjui. Wewe tulikuwa tunakujua."

Alisema taratibu, bila tusi hata moja, kisha akarudi kwenye mpunga wake. Leonia alibaki amesimama mpaka Nestory alipomwita. Gari liligeuzwa, makreti mia mbili yakaanza kupanda mlima yakiwa yamejaa vilevile. Njia nzima alitafuta wa kumlaani, akaanza na Bundala, akaenda kwa Valerian, lakini maneno hayakutoka. Alikuwa na mtu mmoja tu wa kumdharau, na mtu huyo alikuwa amevaa kitenge kipya.