Ng'ombe wa Swali la Sita

Wanafunzi wa darasa la sita walikuwa wapelekwe Morogoro kwa treni ya umeme na kurudi jioni, na kila mzazi alitakiwa kuchangia shilingi elfu thelathini. Mimi napepeta mahindi pale soko la Kibaigwa, nalipwa kwa gunia, na tangu mume wangu Joel afariki sijawahi kushika elfu thelathini ambayo haikuwa na kazi yake tayari. Binti yangu Jenifa hakuniomba hela. Alianza tu kuchora treni. Alichora kwenye madaftari, kwenye vumbi la uani, na siku moja kwenye unga niliokuwa nimeanika.

Kwa wasioweza kulipa, shule ilitoa fomu ya kuomba nafuu. Niliijaza mwenyewe, kwa kalamu ya wino. Huu ni mwaka wangu wa pili wa masomo ya jioni pale kanisani, na ile ndiyo fomu ya kwanza niliyoimaliza bila kufuta. Maswali matano yalikuwa mepesi. La sita liliuliza mifugo iliyopo nyumbani kwa mwombaji.

Nyumbani kwangu kulikuwa na ng'ombe kumi na mmoja. Hakuna hata mmoja aliyekuwa wangu.

Sisi Wagogo tunaelewana katika jambo hili. Mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote zizi moja, maana ugonjwa ukiingia, au wakwe wakiingia, wanaisha kwa siku moja. Huwagawa kwa watu anaowaamini. Anayefuga hunywa maziwa na kutumia samadi, lakini ng'ombe wanabaki wa mwenyewe. Mimi niliyekabidhiwa hawa nilikuwa nimeahidi kwamba sitamwambia mtu yeyote ni wa nani.

Jirani yangu Devota alinishauri niwaswage porini siku ya ukaguzi, kama wafanyavyo wengine. Niliombea ushauri huo siku mbili na sikupata amani. Basi nikaandika: "Kumi na mmoja, si wangu." Na siku yenyewe nikawachelewesha kwenda malishoni, asije mtu akasema nimeficha.

Nafasi za nafuu zilikuwa sita na waombaji tulikuwa saba. Kila mmoja wetu alijua kwamba kamati inapita nyumba kwa nyumba kumtafuta wa kuachwa.

Walifika Jumamosi saa nne asubuhi, watatu. Mwalimu Elisante, ambaye alihamia kwetu mwaka huu kutoka Upareni, alibeba faili. Mama Paskazia, katibu wa kamati, alibeba mwamvuli. Nyuma yao alikuja mwenyekiti, Mzee Batholomeo, ambaye naye alikuwa mwombaji kwa ajili ya mwanawe wa mwisho, Fredy. Walikuwa wametoka kukagua kwake. Mama Paskazia alinisimulia kwamba katika zizi zima la mzee wa watu wamekuta mbuzi mmoja mwenye jicho moja, na kwamba nusura alie.

Nilimwamkia Mzee Batholomeo shikamoo. Aliitikia akitazama paa la nyumba yangu. Ng'ombe walikuwa wake.

Mwalimu akaanza kuwahesabu kwa kidole na kwa sauti. Kwetu ng'ombe wa mtu hawahesabiwi hivyo. Mama Paskazia alishusha mwamvuli ili asione, na Mzee Batholomeo alikuwa akiguna kila namba inapotajwa, kama mtu anayechomwa sindano.

"Mama Jenifa," Mwalimu akasema alipofika kumi na moja, "mwenye zizi hili anaombaje nafuu? Uza ng'ombe mmoja, nusu ya darasa inapanda treni."

"Si wangu, Mwalimu. Nimeandika hapo."

"Ni wa nani?"

"Siwezi kusema."

Akanieleza kwa upole kwamba jibu hilo hawezi kulipeleka kwa mfadhili aliyelipia zile nafasi, na kwamba nyumba zote sita walizopita hazina hata robo ya mali hii. Jenifa, aliyekuwa akiosha vyombo uani, aliacha kuosha.

Wakati huo Mzee Batholomeo alikuwa amesogea hadi kwenye miti ya zizi.

"Huyu mwekundu anachechemea tangu lini?" akauliza kwa ukali.

"Tangu juzi, Mzee. Alikanyaga mwiba."

"Ukamwacha hivi hivi?"

Mama Paskazia akafunga mwamvuli taratibu. "Mwenyekiti, mbona ng'ombe wa watu wanakuuma hivyo?"

Mzee akajibu kwamba yeye ni mfugaji tangu kuzaliwa, na huruma haichagui zizi.

Mwalimu akafunga faili. Wageni wakitaka kuondoka, mwenye nyumba husali, hata kama wamemnyima. Tukasimama, tukainamisha vichwa. Sikuwa nimepanga lolote. Nilimshukuru Mungu kwa wageni, nikamwombea Mwalimu kazi yake, nikamwombea Mama Paskazia magoti yake. Kisha mdomo ukafuata njia yake ya kila siku, maana kila asubuhi nikinywa maziwa humwombea kwa jina yule aliyenipa.

"Umbariki pia mwenye ng'ombe hawa, mtumishi wako..."

"Amina," akasema Mzee Batholomeo kwa sauti ya kuhubiri.

"Mzee, hajamaliza," Mwalimu akanong'ona.

Nikaanza upya. "Mwenye ng'ombe hawa, Baba, mtumishi wako mzee..."

"Amina, amina."

"Leo mwenyekiti amejaa Roho," akasema Mama Paskazia, kichwa kikiwa bado chini.

Hapo ndipo nilipotambua nimefika wapi. Niliahidi kutomwambia mtu, na Mungu si mtu, lakini watu watatu walikuwa wakisikiliza. Nisingeweza kumtaja. Nisingeweza pia kuikata sala katikati kana kwamba nilikuwa naongea na jirani.

"Baba, jina lake unalijua," nikasema. "Mpe nguvu alitaje mwenyewe."

Nikanyamaza, nikingoja.

Nilingoja muda mrefu. Kwetu hakuna anayefumbua macho kabla ya amina, na amina ilikuwa kwangu. Jua lilikuwa linachoma shingo. Nilisikia nzi, nikasikia faili la Mwalimu likihama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, nikasikia Mzee Batholomeo akishusha pumzi.

"Bwana," akasema, "ni wangu. Wote kumi na mmoja."

"Na yule mweupe ana mimba, Bwana," akaongeza Mama Paskazia.

Nikasema amina.

Mzee Batholomeo alikuwa wa kwanza kufumbua macho, na papo hapo akadai kwamba maneno ya sala hayaandikwi kwenye faili. Mwalimu Elisante aliingiwa na shaka ya kweli. Kalamu ilibaki hewani, na akauliza kama kamati ina mwongozo wowote kuhusu hilo. Mama Paskazia alisema mwongozo ni mwepesi: mzee arudie sasa, macho yakiwa wazi.

Mzee aliwatazama ng'ombe wake. Kisha akanitazama mimi, kwa mara ya kwanza siku ile.

"Ungeweza kunitaja tangu tulipofika," akaniambia.

"Nilikuahidi, Mzee."

"Ningekuacha ukose."

"Nilijua."

Hakurudia kitu. Alimnyang'anya Mwalimu faili, akachomoa fomu ya Fredy, akaikunja mara nne na kuitia mfukoni. Mwalimu akaandika jina la Jenifa katika nafasi ya sita. Kuhusu ng'ombe, Mzee alisema wabaki palepale, ila yule mwekundu nimkande kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni, na atakuja mwenyewe kuangalia.

Safari ilikuwa Alhamisi iliyofuata. Usiku ulipokuwa unaingia wazazi tulikuwa shuleni kuwapokea. Jenifa alishuka kwenye basi lililowatoa stesheni, akaanza kusimulia kabla hajanisalimu: treni iliingia ndani ya mlima kukawa giza, masikio yakaziba, wakatoka upande wa pili na milima ilikuwa ya kijani kibichi, mama, kijani kama ya uongo. Hakuacha mpaka sauti ilipomkauka.

Fredy alishuka wa mwisho, shavu likiwa na alama za kiti. Wenzake walisema alilala kwenda na kulala kurudi.

Mzee Batholomeo alimtazama mwanawe. Kisha akamvuta Mwalimu pembeni, akamwuliza kama mtoto aliyelala njia nzima naye hutozwa nauli kamili.