Kumi na Mmoja Wametimia

Kila siku ya onyesho, saa kumi kasorobo jioni, mkumbushaji alikuwa akivua viatu, kuvisukuma chini ya kiti chake kando ya jukwaa, kuwasha taa ndogo aliyoizungushia karatasi ya bluu, kisha kufungua mswada ukurasa wa kwanza. Kazi yake ilikuwa kuwanong'oneza waigizaji maneno waliyoyasahau, na aliifanya vizuri kiasi kwamba hata waliokaa safu ya mbele hawakujua kama yupo. Kwa miaka sita hakuwahi kupaza sauti ndani ya jengo lile. Hata chafya alizimalizia ndani ya kiwiko.

Jumamosi hiyo walikuwa wamefika sehemu ya pili. Mfalme alikuwa amepiga goti mbele ya Malkia na tayari alikuwa ameshasahau alichotaka kumwomba. Halikuwa jambo geni. Mwigizaji wa Mfalme alikuwa na sauti nzuri na kichwa kama chujio. Mkumbushaji aliinama mbele, akafungua mdomo ili ampe neno, na kengele ya hatari ikalia.

Hakukuwa na moshi wala moto. Watu walitoka kwa mlango wa mbele, wakasimama kwenye uwanja wa kokoto wa kuegeshea magari, wengine wakiwa bado wanatafuna. Waigizaji walifuata, Mfalme akiwa ameshikilia ndevu zake zisidondoke. Meneja alikuwa ameshafika. Siku zote yeye ndiye aliyetoka wa kwanza, kwa kuwa alisema ni wajibu wake kuwapokea wengine.

"Wafanyakazi na waigizaji, mstari mmoja," alisema. "Msinichanganye."

Aliwahesabu kwa kuwagusa mabega kwa kalamu. Walitakiwa kuwa kumi na mmoja. Wa kumi na mmoja alikuwa dada yake mkumbushaji, mshonaji wa mavazi, aliyekufa mwaka uliopita. Alikuwa na futi ya kupimia shingoni na pini tano midomoni, kama alivyokuwa siku zake zote za kazi. Upande wa kushoto gauni lake lilikuwa limeshikana na ngozi. Alinuka nailoni iliyoungua. Meneja alimgusa bega, akaifuta kalamu kwenye suruali, akasema, "Kumi na mmoja. Wametimia."

Mfalme alisogea hatua mbili ili upepo usimletee harufu. "Dada, leo umechelewa kutoka," alilalamika. "Tumeungua jua hapa tukikungoja wewe."

Mshonaji hakujibu. Alikuwa na pini mdomoni.

Mkumbushaji alimshika dada yake mkono. Ulikuwa na uvuguvugu, kama pasi iliyozimwa nusu saa iliyopita. Walisimama hivyo mpaka kengele iliponyamaza. Kisha watu wakarudi ndani, mshonaji naye akarudi, na Mfalme akapiga goti tena palepale alipokuwa.

Mwaka uliopita nyaya za chini ya jukwaa ziliungua katikati ya onyesho. Watu walitoka ndani ya dakika nne bila hata mchubuko, na Meneja akaandikiwa barua ya pongezi. Mshonaji alipatikana baadaye, nyuma ya mlango wa chuma wa chumba cha mavazi. Mlango huo ulikuwa na utaratibu wake. Zamani kidogo gauni la mahameli la Malkia lilipotea, likaja kuonekana kwenye picha ya harusi ya mtu, na tangu hapo Meneja aliagiza kwamba pazia likishafunguliwa, chumba cha mavazi kifungwe kwa nje na ufunguo ukae mfukoni mwake mpaka onyesho liishe. Mshonaji alibaki humo humo. Nguo zilipitishwa kwenye kidirisha chenye upana wa sinia. Hakuna aliyeuona utaratibu huo kuwa mbaya, kwa sababu hakuna mwingine aliyefungiwa.

Ripoti ilisema marehemu alishatoka salama, kisha akarudi kuchukua nguo. Mkumbushaji aliulizwa kama ana la kuongeza. Alitazama vidole vyake vya miguu. Mkaguzi akaandika kwamba ndugu wa marehemu hana la kuongeza. Baada ya mazishi Meneja alitengenezesha bamba la shaba, akalifunga kwa skrubu nne kwenye mlango uleule: ALIIPENDA KAZI YAKE KULIKO UHAI WAKE. Skrubu zilikuwa ndefu, zikatokeza upande wa ndani. Mshonaji mpya alitundika mikasi yake hapo.

Mshonaji mpya alikuwa mwanamke mnene mwenye kicheko, na wote walimwita Mama Pacha. Onyesho la Jumamosi lilipoisha, kabla Meneja hajaja na ufunguo, mkumbushaji alimpelekea joho la Mfalme kwenye kidirisha.

"Hivi kengele ililia kweli au nilisinzia nikaota?" Mama Pacha aliuliza.

"Ililia."

"Mkatoka?"

"Tulitoka."

"Haya! Mimi nimekaa na sketi ya Malkia mapajani. Nikajisemea, kama ni moto wataniita, kama si moto nitamaliza pindo. Pindo limekwisha." Alicheka mpaka vifungo vikatingishika kwenye kopo. "Na huko nje mlihesabiwa?"

"Tulihesabiwa. Tumetimia."

"Tumetimia vipi na mimi nimo humu?"

Mkumbushaji alimweleza habari za dada yake. Mama Pacha alisikiliza huku akitafuta uzi wa rangi inayofanana na joho. Alipoupata aliukata kwa meno.

"Kwa hiyo amenishikia nafasi," alisema. "Simlaumu, ni nafasi yake kabla haijawa yangu. Lakini mdogo wangu, nina wawili wako darasa la kwanza. Siku wakija kuniulizia hapa, mtawapa yule?"

Mkumbushaji alianza kuokota vipande vya uzi kwenye kidirisha.

"Kamwambie Meneja. Wewe ni ndugu wa marehemu, hawezi kukufukuza kama mbwa. Mwambie aache mlango wazi, basi. Mimi gauni la Malkia nitalipeleka wapi na mwili huu?"

"Nitamwambia," alisema mkumbushaji.

Jumatatu asubuhi alikwenda ofisini. Meneja alikuwa amekaa akijichokonoa sikio kwa ufunguo wa chumba cha mavazi, jicho moja amelifumba kwa raha.

"Bosi, samahani. Ile hesabu ya juzi..."

"Ilitimia."

"Ilitimia, lakini Mama Pacha alikuwa..."

"Binti, hesabu ikishatimia usiifukuefukue." Alitazama kilichotoka sikioni, akakipaka chini ya meza, mahali ambapo vingine vilikuwa vimeshakauka. "Halafu, vizuri umekuja. Mwambie dada yako asisimame karibu na watazamaji. Anawaharibia hamu ya kula."

"Sawa," alisema mkumbushaji. Hakuwa amekusudia kusema sawa.

Tangu siku hiyo kengele ililia katika kila onyesho, Mfalme akiwa amepiga goti. Fundi umeme aliitoa betri. Ikalia. Alikata waya, ikalia. Alibandua kengele yenyewe ukutani, akaifungia kwenye droo ya ofisini pamoja na gundi na mihuri, na kutoka humo ikalia vizuri zaidi kuliko mwanzo. Fundi alisema yeye upande wake amemaliza.

Kwa hiyo wakaizoea. Kabla ya pazia kufunguliwa Meneja alijitokeza na kutangaza kwamba ndugu watazamaji watakatishwa na kengele katika sehemu ya pili, watoke taratibu, vinywaji vitapatikana nje. Watu walipenda. Wengine walianza kuja na viti vya kukunja. Gazeti moja liliandika kwamba kule kutoka nje kumeigizwa kwa ustadi kuliko mchezo wenyewe, na Meneja alikata ukurasa ule akaubandika karibu na choo cha wageni.

Mshonaji aliyekufa alitoka kila mara, na kila mara alikuwa wa kumi na mmoja. Wiki ya tatu Malkia aligundua kwamba upindo wake umefumuka, naye, kwa kuwa walikuwa wamesimama tu, akamsogezea marehemu mguu. Mshonaji alitoa pini moja mdomoni, akainama kwenye kokoto, akaushika upindo. Siku iliyofuata walijipanga wanne. Mfalme aliomba apunguziwe kiuno. Malkia alikuja na chupa ya manukato, akamnyunyizia mshonaji kichwani kabla hajaanza kazi, kama mtu anayenyunyizia mende.

"Si vibaya," Meneja alisema. "Kwa kuwa yupo, ashone."

Mkumbushaji alisimama akiwatazama. Aliona jinsi Mfalme alivyoinua mikono ili apimwe kiuno, jasho likimchuruzika kwapani, akiwa ameelekeza pua kando. Aliona jinsi ngozi ya mkono wa dada yake ilivyobaki kidogo kwenye mkanda wa Mfalme, na jinsi Mfalme alivyoikung'uta kwa kucha. Kila siku alijiambia leo nitasema. Kila siku aliishia kuokota pini zilizoanguka na kumrudishia dada yake moja moja.

Jioni alipopita kwenye kidirisha, Mama Pacha hakuuliza tena kama amesema. Alikuwa ameacha kucheka. Kengele ikilia alikuwa akienda kukaa chini karibu na mlango, mkoba wake begani, mpaka inyamaze. Mara moja alimpa mkumbushaji karatasi iliyokunjwa.

"Ni namba ya mama yangu," alisema. "Anajua pa kuwachukua wale watoto."

Mkaguzi alikuja Jumapili ya mwisho wa mwezi, yuleyule wa mwaka jana, mtu mpole mwenye kikohozi. Kuna mtazamaji aliyelalamika kwamba kokoto zilimharibia viatu. Meneja alimkalisha mkaguzi kwenye korido, mkabala na mlango wa chuma, akampa soda na sahani ya biskuti. Kengele ilipolia mkaguzi aliona kwa macho yake mwenyewe mshonaji akipenya mlango uliofungwa, kwanza futi, kisha bega, kisha pini. Upande wa ndani Mama Pacha alikuwa akigonga chuma kwa mkasi. Mkaguzi alisubiri biskuti iteremke kooni, akaandika: Mlango hauzuii mtu kutoka.

Nje Meneja alihesabu kwa sauti ili mkaguzi asikie.

"Kumi na mmoja. Wametimia."

"Wametimia," mkaguzi alikubali. Aliomba mahali pa kuandikia. Mfalme aliinamisha mgongo, naye akasaini hapo juu ya joho. "Kuna mwenye la kuongeza?" aliuliza, akiwa ameshafunika kalamu.

Mkumbushaji alisema kitu.

"Nani ananong'ona?"

"Huyu ni mkumbushaji wetu," Meneja alisema. "Ndiyo kazi yake. Asante, binti, tumekusikia."

Kengele ilinyamaza. Mkaguzi alikwenda kwenye gari lake na biskuti mbili zilizobaki. Watazamaji walianza kurudi ndani, mwanamume mmoja akimweleza mkewe kwamba kilichobaki sasa ni maneno tu. Meneja alipapasa mfuko wake, akaukuta ufunguo upo, akaupigapiga kwa nje na kwenda zake. Mshonaji alikunja uzi uliobaki kwenye kidole, akamtazama mdogo wake kwa muda, kisha akarudi alikotoka.

Mkumbushaji aliingia wa mwisho. Alipita kiti chake. Alipita taa ya bluu. Pazia lilipofunguliwa Mfalme alikuwa amepiga goti, na kati yake na Malkia alikuwa amesimama mwanamke pekupeku ambaye hakuna mtazamaji aliyewahi kumwona.

"Shuka," Meneja alisema kutoka kando, kwa sauti ya chini. "Shuka, binti, usinitie aibu."

Mfalme alimtazama mkumbushaji kwa matumaini, akingoja apewe neno.

"Chumba cha mavazi kimefungwa," alisema mkumbushaji. Sauti ilitoka na mikwaruzo, kama bomba lililokaa muda mrefu bila maji. "Yumo mtu ndani. Anaitwa Mama Pacha. Kila tukitoka, tunamwacha."

Mtu wa safu ya tatu akapiga makofi, wengine wakamfuata. "Huyu ndiye hasa!" mwanamke mmoja alisema. Meneja, akisikia makofi, aliacha kumwita. Alikunja mikono kifuani akawa anatikisa kichwa kwa kuridhika, na ufunguo ukabaki mahali pake.

Mkumbushaji alingoja makofi yaishe. Yalichukua muda. Alipoanza tena hakuwa anazungumza na Meneja, wala na watazamaji, na hata safu ya nyuma kabisa ilimsikia.

"Dada yangu hakurudi kuchukua nguo," alisema. "Hakuwahi kutoka. Nilipita pale mlangoni, moshi ulikuwa bado haujafika kwenye korido. Alikuwa anagonga. Aliniita kwa jina, mara mbili. Sikumjibu, kwa sababu pazia lilikuwa bado halijafungwa na niliogopa watu watasikia sauti yangu. Nilitoka nje, nikasimama kwenye mstari, nikahesabiwa."