Bunduki Ndogo ya Nassoro

Mwaka wa nne baada ya uhuru wa Kongo ulipokaribia ukingoni, mto ulifungwa. Askari waliouteka upya mji wa Kisangani kutoka kwa waasi walipiga marufuku mitumbwi, na samaki wa wavuvi Wagenia hawakuvuka tena kuja ng'ambo ya Lubunga, alikokaa Nassoro, fundi cherehani, pamoja na mkewe Mwanahamisi na binti yao Madina. Walibaki kula sombe, majani ya muhogo. Haukupita muda, Madina akavimba miguu. Nywele zake ziligeuka rangi ya kutu. Akawa hachezi wala halii. Muuguzi alimbonyeza mguu, kidole kikaacha shimo, naye akasema bila kuzunguka:

"Sombe peke yake haitamuponya. Atafutiwe nyama juma hili. Juma lijalo sitakuwa na neno la kuwaambia."

Nassoro hakuwa ameshika bunduki maishani mwake. Alijitwika cherehani yake, akaenda kuiweka rehani ya bunduki kwa Célestin, mzaliwa wa Yanonge, aliyekuwa mwindaji wa mzungu mwenye shamba la kahawa. Mzungu alikuwa amekimbia, akaacha bunduki mbili. Célestin alizifukia chini ya banda la kuku. Angewinda mwenyewe, lakini risasi ya vita ilimpasua goti.

"Viviane," Célestin alimwita mkewe, akiipapasa cherehani, "njoo umupokee mukemwenza. Huyu hali chakula, na kazi anafanya."

Nassoro aliitua cherehani chini.

Walizichukua bunduki hadi nyuma ya reli, mbali na masikio ya askari. Zote mbili zilikuwa za komeo: ulivutapo nyuma, ganda huruka, ulisukumapo mbele, risasi huingia chumbani. Célestin aliweka mapapai mawili juu ya kisiki.

"Bon. Kitako begani, shavu kwenye mti. Funga pumzi. Usivute kama unang'oa jino. Kamua polepole, kama limau."

Bunduki ndogo ilitoa mlio mkavu, na papai likabaki limekaa, lina tundu dogo kama la sindano nene. Ile kubwa ilimsukuma Nassoro hata akaketi chini, na papai halikuonekana tena. Mbegu zake zilikuwa zimetapakaa majanini.

Nassoro alizitazama mbegu zile kwa hofu. Alikuwa amelelewa katika chuo cha Kurani, na hukumu moja ya mwalimu wake haikumtoka moyoni: mnyama aliyekufa kwa pigo kabla ya kufikiwa na kisu hana tofauti na mzoga.

"Hii inaua mno," alisema. "Nataka mnyama nimukute muzima, nimuchinje."

"Tonton, mjomba wangu, sikia. Kubwa inavunja bega, nyama inaanguka pale pale, unafika na kisu yako angali anapumua. Ndogo inamuachia miguu. Atakimbia na kifo yake tumboni, afie mbali."

"Papai uliliona?"

"Papai haina bega."

Nassoro akachagua ndogo. Alipewa risasi tano, akamwahidi Célestin paja la mnyama wa kwanza.

Siku ya pili aliswali alfajiri, akaingia msituni bila kutia kitu kinywani. Jua lilipochomoza, mboloko, paa mdogo asiyefika goti la mtu, alisimama mbele yake. Nassoro alisema Bismillahi, akafunga pumzi, akakamua. Mnyama aliruka juu, akatua, akatokomea.

Nassoro alichomoa kisu, akakimbia. Damu ilikuwa imedondoka juu ya majani, tone baada ya tone, kila moja kama kifungo cha shati. Alikimbia miiba ikimchana, akimwomba Mola ambakizie mnyama yule pumzi moja, moja tu. Matone yakawa machache. Alimkuta kijitoni, pua ndani ya maji, mwili ungali na joto. Alimgusa mboni kwa ncha ya kidole. Jicho halikupepesa.

Alipiga magoti, kisu mkononi. Hakukipitisha shingoni, hakutaka kumwigizia Mungu. Mwalimu yule yule alikuwa amemfundisha pia kwamba anayekabiliwa na mauti kwa njaa amehalalishiwa hata mzoga, kwa kiasi cha kuiokoa roho yake. Madina alikuwa amefika hapo. Je, yeye Nassoro, aliyeweza kukimbia msitu mzima? Alimtupa mnyama begani, akarudi.

Mwanahamisi alimpokea mlangoni.

"Umemuchinja?"

"Nilichelewa."

Mwanamke alimtazama mnyama, kisha akamtazama mtoto mkekani.

"Basi ni ya Madina peke yake," alisema. "Sisi miguu yetu haijavimba."

"Toa paja la Célestin, dini yake haimukatazi. Kesho nitamuomba anibadilishie bunduki."

"Atakucheka."

"Acheke. Yeye alisema, mimi nikasikiliza papai."

Mwanahamisi aliposhusha chungu, harufu ya mchuzi iliijaza nyumba. Madina alitiwa kipande kinywani. Alikitafuna, akakimeza, akafungua kinywa tena. Kisha akamgeukia baba yake.

"Papa, wewe hauli?"

"Nimefunga."

Jua lilikuwa bado halijafika utosini, na saumu ya sunna huruhusu kutiwa nia kabla ya adhuhuri kwa asiyekula kitu tangu alfajiri. Ili asimdanganye mtoto, Nassoro alitia nia ya saumu papo hapo, akaketi upande ambao moshi wa chungu haukumfikia, akaanza kulipangusa komeo la bunduki.