Sufuria ya Ndani

Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, mkwe aliinama chini ya jiko, akafungua regulata ya mtungi wa gesi, akaiviringisha kwenye kitambaa na kuitumbukiza ndani ya mkoba wake. Kisha akaaga. "Mama, shinda salama." Mama mkwe naye akajibu, "Nenda salama, mwanangu," na wote wawili walijua kuwa salama hiyo haikutoka moyoni.

Mtu mzima ananyang'anywa moto ndani ya nyumba ya mwanawe mwenyewe! Na mtu huyu hakuwa wa hivihivi. Alikuwa mkunga. Nusu ya mtaa aliotoka ilipita mikononi mwake ikilia, na wanaume wakubwa waliokuja kufanya fujo mlangoni mwa wodi aliwakemea hadi wakakaa kwenye benchi kimya. Sasa alikuwa amestaafu, ana goti bovu, chumba kidogo kilichopakana na cha mwanawe, na mkwe anayetembea na kichwa cha mtungi wa gesi mkobani.

Lakini tuseme yote, maana hadithi hii haina malaika. Mkunga aliwahi kuacha jiko likiwaka akaenda kulala. Sufuria iliungua, moshi ukajaa kwenye ngazi, majirani wakaja kugonga na ndoo za maji. Mkwe alikuwa karani wa benki na alipenda majirani wamwone mtu wa maana. Aibu ile aliila mzimamzima, na tangu siku hiyo yeye na mama mkwe wake hawakupikika chungu kimoja.

Mwana alikuwa fundi wa lifti. Kutwa alining'inia kati ya ghorofa na ghorofa, na nyumbani aliishi vivyo hivyo, kati ya mke na mama, akiomba kamba isikatike. Alileta suluhu aliyoiona ya maana: akanunua mashine. Presha kuka ya umeme, yenye vitufe vingi usoni. Inachemsha, inakaanga, inaoka, inagandisha mtindi, na kubwa kuliko yote, inajizima yenyewe.

"Mama atapikia hii," alisema.

"Kwa hiyo ni ya mama?" mkwe akauliza.

"Ni ya nyumba."

Basi ikawa ya nyumba, maana yake wakaigombania.

Mkunga hakuwa mpishi. Miaka yote alikula chakula cha hospitali, au alichopikiwa na marehemu mumewe, aliyekuwa na mkono mzuri. Siku ya kwanza mashine ilipofoka mvuke, alijifungia chooni. Alipotoka alimpigia simu muuza duka aliyewauzia mashine ili amtukane vizuri. Muuza duka, aliyezoea kutukanwa, akamtumia kiungo cha kundi la watu wenye mashine kama hiyo. Kundi liliitwa Vitufe na Mvuke. Humo namba za simu hazionekani. Kila mtu hujulikana kwa jina alilojipachika. Mkunga akajiita Mama Sukuma, kwa kuwa hakuna neno alilolitamka mara nyingi zaidi maishani mwake.

Kundi lilikuwa la wakali. Ukiuliza swali lililokwisha kuulizwa, unapewa vidonge vyako papo hapo. Ukituma picha ya nyama iliyopauka, unaambiwa huyo ni mgonjwa, mwahisheni hospitali. Mkunga aliwapenda mara moja.

Na alikuwamo mmoja, aliyejiita Ukoko, ambaye hakumcheka. Kila siku saa ya chakula cha mchana Ukoko alimwandikia faraghani: "Mama Sukuma, leo tumepika nini?" Ikafika mahali mkunga akawa anapika ili tu apate la kujibu. Alipika dengu, akapika maharage, akaoka keki iliyotoka mbichi katikati, na kila alichopika alikila peke yake kabla mwana na mkwe hawajarudi. Ukoko alimfundisha kukaanga vitunguu kwanza kabla ya kufunga kifuniko. Yeye akamfundisha Ukoko kutouogopa mvuke. "Usishike kifuniko kwa pupa," alimwandikia. "Vuta pumzi, subiri. Kikiwa tayari kitafunguka chenyewe. Nimezalisha hivyo hivyo maisha yangu yote." Ukoko alicheka kwa maandishi mpaka skrini ikajaa.

Walisengenya pia, kwani urafiki gani usio na umbea? Ukoko alikuwa na mtu nyumbani kwake aliyemfuata jikoni na kumchunguza hata namna anavyomenya kitunguu. Mkunga akadhani tu ni mume. "Mpe kisogo," alimshauri. "Mwambie kama anajua sana ashike kisu yeye." Naye akamsimulia Ukoko habari za mwenye nyumba wake, mwanamke mwenye kiburi, ambaye ukimsemesha anakujibu huku anatazama simu. Aliona haya kusema kuwa ni mkwe wake. Ukoko akamjibu: "Mwanamke huyo hakulelewa? Pole mama yangu. Ningekuwa karibu ningempa ukweli wake." Maneno hayo mkunga aliyarudia tena na tena kabla ya kulala.

Sasa ikaja Ijumaa ile. Mkunga aliondoka alfajiri kwenda kunyoosha goti kwa wataalamu wa mazoezi, akarudi hoi, akalala. Mchana ulipita bila salamu ya Ukoko. Jioni aliamshwa na sauti ya mwanawe jikoni.

"Nani amefanya hivi?"

Mwana alikuwa ameiinamisha mashine juu ya karo, na maji ya maharage yalikuwa yanachuruzika kutoka tumboni mwake. Mashine hiyo ina sufuria yake ya ndani, ya kutoa na kuosha. Ukiisahau ukamwaga maji, yanakwenda moja kwa moja kwenye nyaya.

Mkwe alisimama mlangoni, bado yumo ndani ya sare ya benki. "Mimi nimetoka kazini sasa hivi," alisema. "Muulize mama."

"Mimi nilikuwa kwenye goti langu," mkunga akajibu.

"Na kabla ya kwenda, mama? Hukugusa kitu?" mwana akauliza.

"Jana niliosha sufuria, nikaianika pale. Asubuhi..." Mkunga akasita.

Kusita huko ndiko kulikommaliza. Mkwe alitikisa kichwa taratibu, kwa huzuni ya kuazima. "Mama anasahau, mume wangu. Hata ile ya gesi alisema hakumbuki. Siku moja tutarudi tukute majivu."

Mwana aliketi kwenye stuli, akajifuta uso kwa mikono yenye grisi. "Mama, Jumapili nitakupeleka kwa mama mkubwa. Kwa muda tu."

Mama mkubwa huyo alikuwa dada wa mkunga. Hawakuwa wamesemezana tangu walipomzika mama yao. Nyumbani kwake televisheni ilifunikwa shuka mwaka mzima, na mgeni alikula baada ya kuku.

"Unanihamisha kama kabati?" mkunga akauliza.

"Ukapumzike, mama."

"Nimekuambia nimechoka?"

Mkunga alirudi chumbani na chai yake, akakaa kitandani, akajaribu kuikumbuka asubuhi yake kipande kwa kipande. Aliamka. Alivaa. Aliingia jikoni au hakuingia? Wodini aliwahi kuwaona vikongwe wakiwatafuta chini ya kitanda watoto waliokwisha kuwa na wajukuu. Akaogopa, tena sana. Kwenda kwa dada yake angevumilia. Kwenda huko bila akili zake, hapana.

Akafungua simu amtafute Ukoko, apate hata mtu wa kumwambia. Kundini akakuta ujumbe ulioandikwa asubuhi ileile.

"Jamani msinicheke," Ukoko alikuwa ameandika. "Nimemwaga maji na maharage bila sufuria ya ndani. Nilikuwa nakimbilia kazini. Nifanyeje?"

Wakali walikuwa wamemcheka vya kutosha, na mmoja akamwelekeza: usiiwashe, ipindue, ianike juani mpaka ikauke kabisa. Chini yake kulikuwa na picha. Mashine iko wazi, maharage yametapakaa kwenye chuma kitupu, na nyuma yake, kando ya karo, kikombe cha bati chenye mpini uliozungushiwa plasta nyeupe.

Mkunga alikitazama kikombe cha pichani. Kisha akakitazama alichokishika mkononi, chenye chai. Plasta ile aliibandika mwenyewe, ya wodini.

Kwanza alishukuru, kwa sababu akili zake zilikuwa mahali pake. Halafu hasira zikampanda mpaka goti likaacha kuuma. Kumbe huyu! Amemwaga mwenyewe, akaniacha nijitilie shaka mbele ya mwanangu! Alikuwa ameshasimama aende akagonge mlango wa pili, simu ikalia mkononi.

"Mama Sukuma, nisamehe leo sikukuuliza. Nimefanya jambo baya. Hii mashine nimemsingizia yule mtu wa nyumbani. Ni mama mkwe wangu, sikuwahi kukuambia. Neno lilinitoka tu. Sasa anahamishwa. Nifanyeje mama yangu?"

Ukuta ulikuwa mwembamba. Alimsikia mkwe upande wa pili akivuta kamasi.

Mkunga aliketi tena. Alimchukia yule wa ng'ambo ya ukuta kwa chuki iliyonyooka, isiyo na kona. Na yule wa kwenye simu alikuwa mtu pekee katika dunia nzima anayemuuliza amepika nini. Akaandika: "Sema ukweli. Kesho mezani, mbele ya mumeo."

Jibu lilichelewa. "Siwezi. Akibaki huyu atanimaliza. Hujui anavyonitazama. Ungekuwa wewe ndiye mama mkwe wangu, ningesema hata sasa hivi."

Mwenye roho nyepesi angelia hapo, angegonga mlango, wangekumbatiana na hadithi ingeisha. Mkunga alikuwa amesingiziwa. Akaizima simu.

Jumamosi aliipindua mashine kwenye baraza juani, akakaa kando yake kutwa nzima, akiigeuza kila jua lilipohama. Mwana alipita mara kwa mara akibeba nguo za mama yake, akizipanga ndani ya begi bila kumtazama. Jioni mkwe alipika wali na nyama kwa gesi yake, wakaketi mezani watatu.

"Mkwe wangu," mkunga akasema, "huna la kuniambia kabla sijaondoka?"

Mkwe alisogeza punje za wali pembeni mwa sahani. "Nikutakie safari njema, mama."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

Mkunga alikisogeza kikombe chake cha bati katikati ya meza. Akakipiga picha. Mwana akadhani ni ya kumbukumbu, akashusha macho kwa uchungu. Chini ya picha mkunga akaandika, "Leo tumepika nini?" na kutuma.

Simu ya mkwe ililia kando ya sahani. Mkwe aliona jina la mtumaji akatabasamu, tabasamu la kweli, la mtu aliyemwona rafiki yake anaingia mlangoni. Tangu akae nyumba ile mkunga hakuwahi kuliona. Kisha picha ikafunguka na tabasamu likafa palepale.

Mkwe alitazama simu. Akatazama kikombe. Akamtazama mama mkwe wake.

"Nani huyo?" mwana akauliza.

Mkwe akasema, kwa sauti ya dirishani benki, "Mama hakumwaga maji. Nilimwaga mimi."

"Sema tena."

"Nilimwaga mimi, nikamsingizia."

Mwana aliweka kijiko chini. "Umeniacha nimfungie mama yangu begi? Nimekunja nguo zake kwa mikono hii, na wewe unanitazama?"

Mkwe aliinuka, akaufuata mkoba, akatoa regulata na kuibwaga katikati ya sahani mpaka mchuzi ukaruka. "Haya mama. Umeshinda. Jiko lile pale."

"Sikutaka jiko."

"Ulitaka nini?"

Alichokitaka mkunga kilikuwa ndani ya simu ile, na hakikusemeka mbele ya watu. "Nilitaka useme mwenyewe," akasema.

"Nilisema! Jana usiku nilisema yote. Nilimwambia mtu ninayempenda." Machozi yalikuwa yanamtoka mkwe na hakuyafuta. "Nimemweleza mambo ambayo hata aliyenizaa hayajui. Kumbe ni wewe umekaa huko nyuma unayasoma."

"Na mimi je? Sikukueleza ya kwangu?"

"Ulinieleza juu ya mwenye nyumba asiyelelewa," mkwe akasema. "Nami nikakupa pole." Akaingia chumbani.

Mwana alibaki akiangalia mchuzi unavyoingia kwenye kitambaa cha meza. Alifungua mdomo aulize, akaona afadhali aende kulitoa begi mlangoni.

Jumapili mkunga hakwenda popote. Nguo zilirudi kabatini, regulata ilikuwa imefungwa juu ya mtungi, na hakuna aliyemkataza chochote. Aliirudisha mashine mezani, akapangusa kile chuma chake kinachopasha moto, akaweka sufuria ya ndani, akaigusa mara mbili kuhakikisha ipo. Akachomeka waya. Ikatoa mlio. Ilikuwa imepona.

Alikaanga vitunguu kwanza, kama alivyofundishwa, ndipo akaweka dengu na kufunga kifuniko. Mvuke ulipotoka hakukimbia. Alivuta pumzi, akasubiri. Adhuhuri ikafika, simu ikanyamaza. Alipofungua kundi alikuta mstari mmoja wa kijivu: Ukoko ameondoka.

Mkunga alitazama mlango wa chumba cha mwanawe. Mwana alikuwa ametoka. Mkwe alikuwa ndani tangu asubuhi. Aliandika faraghani, kwa kidole kimoja, akifuta na kuandika upya: "Leo tumepika dengu. Zimeiva. Njoo ule."

Upande wa pili wa ukuta simu ililia. Akasikia kitanda kikilalamika, akasikia miguu sakafuni ikija mlangoni, naye haraka akatoa sahani ya pili, akapangusa kijiko.

Ufunguo ukazungushwa kwa ndani, mara mbili.

Mkunga alijipakulia akala. Dengu zilikuwa nzuri, chumvi imekolea, vitunguu vimelainika sawasawa, na hakukuwa na mtu wa kumwambia.